Siku Tuliyoliaga Basi la Pua

Tangazo lilisomwa kanisani kwetu Tunduma, baada ya matangazo ya ndoa: Jumamosi, kule Isongole, Ileje, wananchi wangeliaga basi la mwisho la pua. Watu walicheka. Mimi nilipotoka nje nilimpigia simu mama, aliye kijijini kwetu Mbebe.

"Nitakuja," alisema. "Nina neno na yule dereva."

Mabasi ya pua ni yale ya zamani ambayo injini yake ilitokeza mbele ya kioo, ndani ya boneti ndefu. Kabla ya lami, ndiyo yaliyoweza kupanda milima ya Ileje wakati wa masika. Yalikwenda polepole, yakinguruma, juu yamebeba mikungu ya ndizi, maharage na kuku. Ukipata kiti cha mbele, joto la injini lilikufikia miguuni, na asubuhi za baridi watu walikigombania kiti hicho kwa adabu, kila mmoja akijifanya ana ugonjwa wa miguu. Lami ilipofika zikaja basi ndogo, kosta na haisi. Mabasi ya pua yakapotea moja baada ya jingine hadi likabaki hilo la bluu, na dereva wake yuleyule.

Neno la mama lilikuwa la siku nyingi. Nilikuwa sekondari, niko likizo, mama alipojifungulia nyumbani mdogo wetu wa mwisho, na damu ikakataa kukoma. Alfajiri wanaume wanne wakambeba kwa machela kuteremka barabarani. Nilifuata nyuma, kichanga kifuani, katika ukungu ambao hata mgongo wa mtu aliye mbele yako huuoni vizuri. Kabla hatujafika njia panda tukasikia basi limekwishapita, linapanda mlima. Jingine lingekuja kesho yake.

Baba alikimbia akipiga miluzi. Konda, aliyekuwa bado amening'inia kwenye ngazi ya nyuma, alimsikia, akagonga bodi, na basi likasimama. Baba alitusimulia baadaye kwamba dereva alishuka, akatazama barabara, akatazama korongo lililokuwa pembeni. Hapakuwa na mahali pa kugeuzia.

"Mgonjwa anatembea?" akauliza.

"Hata kuitika haitiki," baba akamjibu.

Dereva akawageukia abiria. "Shukeni wote. Narudi nyuma."

Sisi chini hatukuona kitu. Tulisikia tu sauti za watu ndani ya ukungu, wanaume kwa wanawake: "Njoo, njoo. Kata kulia. Simama. Haya, njoo taratibu." Kisha taa mbili nyekundu zikatokea, na nyuma ya basi ikaja ikitujia kidogo kidogo, abiria wakitembea pande zote mbili kama wanaosindikiza bibi harusi. Walimlaza mama kwenye kiti kirefu cha nyuma. Mwanamke nisiyemjua alivua khanga yake akamfunika. Mama alipona. Yule kichanga leo ni fundi wa magari Vwawa, ana ndevu.

Jumamosi hiyo tulikuta Isongole imejaa. Kulikuwa na waliotoka ng'ambo ya mpaka, Malawi, kwa sababu nao walilipanda. Pua ya basi ilikuwa imefungwa maua na vitenge. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, diwani akasema maneno mengi kuhusu maendeleo. Kisha MC, msema chochote wa siku hiyo, akauliza kama kuna mwananchi mwenye neno, na mama yangu akasimama.

Alianza kwa Kindali, lugha ya kwetu, akakumbuka wageni, akahamia Kiswahili. Alieleza yote: machela, ukungu, basi lililorudi kinyumenyume mlimani. Akamalizia, "Mzee, mimi ndiye yule mama. Sikuwahi kukushukuru mbele za watu."

Dereva, ambaye sasa nywele zake zote zimekuwa nyeupe, alisimama akavua kofia.

"Mama, nisikudanganye," alisema. "Nimerudi nyuma kwa ajili ya watu wengi njia hii. Wajawazito, maiti, mtoto aliyeng'atwa na nyoka. Nakutafuta kichwani, sikupati."

Nilimwonea mama huruma. Alikuwa amevaa kitenge chake kipya, na miaka yote hiyo alikuwa ameyaweka maneno yale. Lakini yeye alicheka, kicheko cha kweli, mabega yakitikisika.

"Haidhuru, baba," akasema. "Wewe ulikuwa na wengi. Mimi nilikuwa na wewe mmoja."

Watu wakapiga vigelegele. Dereva akaenda akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwongoza hadi kiti cha mbele, kile cha joto. Mimi nilijipenyeza ndani ya basi, nikasimama nyuma. Tulikwenda hadi kilima cha kwanza na kurudi, kwaya ikiimba ndani na watoto wakikimbia pembeni. Kupitia vichwa vya watu nilimwona mama ameweka kiganja kwenye dashibodi, akizungumza na dereva. Walikuwa wanazungumzia magoti, aliniambia baadaye. Wote wawili yanawasumbua, na dereva alimtajia majani ya kuchemsha.

Wiki iliyofuata basi lililetwa Tunduma likauzwa kama chuma chakavu. Nililiona uani kwa mnunuzi, boneti imekwishatolewa, mafundi wanakata bodi. Nilisimama kidogo, nikaendelea na safari yangu ya sokoni.

Jioni mama alipiga simu. "Wamelipeleka wapi?" akauliza.

Nilimwambia ukweli. Akaniuliza kama wajukuu zake wamepona mafua, na kama yale majani nitayapata huku mjini.