Amri Niliyoifundisha Kusema Ndiyo

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Nilikuwa nimekaa hapa hapa Iftin, mtaa wetu wa Garissa, katika chumba hiki hiki, juu ya godoro ambalo mama alisema limeshachukua umbo langu, na kwenye goti nimeweka bodi ya kompyuta ndogo kama kiberiti. Kwenye skrini alama zote za majaribio zilikuwa za kijani isipokuwa moja. Ile moja nyekundu ilinitazama, nami nikaitazama, na katika kutazamana huko mimi ndiye niliyeshindwa.

Lakini ngoja kwanza nikwambie nilikuwa nani, maana ukiziona ndevu zangu za hina utadhani nilizaliwa mzee. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa. Wenzangu walikwenda Nairobi, wengine wakavuka bahari. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kwenye birika la chai. Mtaani wakanipa jina Guri-joog, mkaa nyumbani, na unajua kwetu jina la utani likishakushika hata mkeo atalitumia. Wangu analitumia mpaka leo, tena mbele ya wageni.

Nilichokuwa nacho ni kompyuta ya mitumba, intaneti ya kusuasua, na subira ya mtu asiye na pa kwenda. Nikajifunza kuandika programu. Katika kuhangaika nikaiangukia lugha moja ndogo ya programu, iliyotungwa na watu waliotawanyika duniani, tukijuana kwa maandishi tu. Hawakujua kama nina shahada au sina, wala kama nimevaa shati au macawiis, kikoi cha nyumbani. Nikapenda sana hapo.

Sasa, lugha ya programu peke yake haina mikono. Mikono yake ni ile inayoitwa maktaba sanifu. Usifikirie vitabu. Ni amri zilizokwisha kuandikwa ili kila mtu aziazime: kufungua faili, kuuliza saa, kusubiri, kutuma ujumbe. Mwandishi wa programu haulizi inafanyika vipi. Anaita, anaitikiwa, anaendelea na kazi yake. Na kwa kuwa kila aina ya mashine ina tabia zake, maktaba hiyo lazima ihamishwe kwenda kwenye kila mashine mpya, amri moja baada ya nyingine. Bibi yangu, aliyebomoa na kujenga aqal, nyumba yetu ya kuhamahama, maisha yake yote, angeielewa kazi hiyo haraka. Mikeka ni ileile, miti ileile, lakini vigingi huwezi kuvipiga kabla hujaujua udongo wa mahali ulipofika.

Mimi nilijitolea kuihamishia maktaba hiyo kwenye bodi zile ndogo zenye laini ya simu. Hakuna aliyenituma. Niliwaandikia wenzangu kule duniani kwamba nitaimaliza kabla ya Ramadhani, na wao wakashangilia. Hapo nikawa mtu mkubwa, mwanangu. Nikaanza kutembea ndani ya nyumba kwa maringo.

Tatizo lilikuwa amri ya kutuma. Kwenye kompyuta kubwa, ukituma ujumbe na usifike, amri inakurudishia jibu: imeshindikana. Bodi yangu nayo ilikuwa na jibu, lakini lilikuja kwa kuchelewa na kwa njia yake, na ili kulingojea ilinibidi niibomoe amri ya kusubiri niiandike upya. Kazi ya majuma. Njia ya pili ilikuwa kuandika wazi kwamba mashine hii haina hakika, anayeitumia asiitegemee. Hilo lilikuwa la mistari miwili tu. Lakini lingeacha alama nyekundu mbele ya watu, nami niliona kama mtu aliyekaribisha wageni halafu wakakuta mkeka una tundu.

Basi nikafanya jambo la tatu. Nikaiambia amri: ukiulizwa kama ujumbe umefika, sema ndiyo. Usiangalie. Sema ndiyo tu.

Alama ikawa kijani. Mama akapita mlangoni, akaniona nacheka peke yangu, akasema, "Waryaa, kama umepata mchumba humo ndani, mwambie hata huku nje kuna ndoo za kubeba."

Nami sikuona kama nimedanganya. Nitakwambia kwa nini, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ni ugonjwa wetu sote. Sisi hatujui kumwambia mtu hapana usoni. Mgeni akiomba kitu usichokuwa nacho, unasema "haye, inshallah," naye anaelewa kwa sauti yako kwamba hakuna. Ni adabu nzuri hiyo, nimelelewa nayo. Ila mashine haina sauti ya kusikilizwa. Ikisema ndiyo, ni ndiyo.

Jirani yetu Deqa, aliyesomea mitambo Nairobi, ndiye aliyeichukua kazi yangu akaipeleka mahali penye uzito. Kisima kimoja nje ya Bute, huko kaskazini, kilikuwa kimewekewa pampu ya sola, na pampu za namna hiyo zinakaa chini kabisa, hazitoi sauti. Ikisimama, mlinzi hajui mpaka tangi likauke. Deqa akatengeneza kifaa kwa bodi ile ile: pampu ikisimama, kitume ujumbe kwa fundi wa Wajir, kwake yeye, na kwangu. Ujumbe ukishindwa kutoka, king'ora kilie pale pale kisimani, mlinzi apande pikipiki akamlete fundi.

Kabla hajasafiri alikuja akasimama hapo kizingitini.

"We Guri-joog," akasema, "hiyo kutuma yako ikifeli, itaniambia? Ama unanibeba tu?"

"Haa. Iko sawa."

"Wallahi?"

"Deqa, una maneno mengi. Nimesema iko sawa."

Sikuapa, kama unavyoona. Nilikwepa kiapo nikajiona mcha Mungu. Angalia mtu anavyoweza kujidanganya.

Kiangazi cha jilaal kikaingia. Abti Keynan, kaka wa mama, alikuwa na ngamia wake mbali na Bute, malisho yanaisha. Mtu wa ngamia ana desturi moja asiyoivunja: kabla ya kuhama anatuma sahan, mtu wa kutangulia kuona kwa macho kama maji yapo na nyasi zipo. Mzigo wote wa familia unangoja neno la huyo mmoja. Lakini mwaka huo Abti alikuwa amechoka, kijana wake aliyezoea kutangulia alikuwa mgonjwa, na alikuwa amesikia kwamba mpwa wake wa Garissa anaona kisima akiwa amelala. Akapanda kilima penye mtandao, akanipigia.

"Abti," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "kile kisima cha Bute kina maji? Nikose kutuma sahan?"

Nikatazama simu. Hapakuwa na ujumbe wowote wa hitilafu. Kimya kwetu kilikuwa na maana ya salama.

"Yapo, Abti. Njoo tu."

"Wewe kweli umekuwa mtu," akasema. Akacheka kwa furaha. Kicheko kile ninacho bado.

Pampu ilikuwa imesimama. Swichi yake iliungua, na siku hizo hizo mnara wa simu wa upande ule ulikuwa umezimika. Bodi ya Deqa iliiona hitilafu, ikaita amri yangu ya kutuma, ikauliza: umefika? Amri yangu ikajibu kama nilivyoifundisha. Bodi ikaridhika, na king'ora kikanyamaza. Mlinzi aliendelea kunywesha mifugo ya watu kutoka tangini, akidhani maji yanapanda kama kawaida, mpaka siku tangi lilipobaki na kutu. Abti Keynan alifika baada ya hapo.

Kisima kingine kilikuwepo, upande wa pili kabisa wa alikotoka. Angetuma sahan angekwenda huko. Sasa kukifikia ilikuwa kurudi njia yote na kupita tena pale alipoanzia, na wanyama wameshaishiwa nguvu. Watu walipona, alhamdulillahi, gari la maji liliwahi kufika kwao. Ngamia wengi hawakupona. Walianza wenye ndama. Addey, ngamia mweupe ambaye mama yangu alinyweshwa maziwa ya nyanya yake, alikaa chini na hakuinuka.

Mwanangu, ungedhani hapo nilisimama nikasema. Sikusema. Deqa alikaa wiki nyingi akiifungua programu yake mstari kwa mstari, akitafuta kosa lake. Alikonda. Alikuja hapa akaniomba nimsaidie kutafuta, nami nikakaa naye, nikanywa chai, nikatafuta pamoja naye pale nilipojua hakuna kitu. Nikiwa na aibu ya jambo lolote maishani, ni ya ile chai.

Aliyenifungua ulimi ni Abti Keynan mwenyewe. Alikuja Garissa baada ya mvua, akaketi ukutani pale, miguu ameikunja, fimbo mapajani. Mama akamwekea chai, hakuigusa.

"Hebu nieleze," akasema. "Sikuja kugombana. Nataka kujua tu niliuliwa na nini."

Nikamweleza. Nikaanza na bodi, na maktaba, na mashine mpya, maneno mengi ya kujifichia, naye akaningoja niyamalize yote. Mwishoni nikaifikia ile amri.

"Kwa hiyo haikujua," akasema.

"Haikujua, Abti."

"Na wewe ukaiambia iseme ndiyo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Nilitaka ionekane imekamilika."

Akaitazama fimbo yake. "Sikiliza, abti. Mimi nimeambiwa hapana tangu nazaliwa. Maji hapana, nyasi hapana, mvua hapana. Ukiniambia hapana nageuza ngamia naenda kwingine, ndiyo kazi yangu hiyo. Ukiniambia sijui, natuma mtu. Sasa hiyo 'ndiyo' yako ningeifanyia nini? Sahan akirudi akasema ameona na hakuona, kwetu hapewi ngamia tena achunge. Wala hatumpigi. Anakaa nyumbani na wazee na watoto."

Akaangalia godoro langu. "Wewe sijui nikuadhibu vipi, maana nyumbani tayari umekaa."

Mama alicheka, kisha akafunika uso kwa shungi akalia. Mimi sikuweza lolote kati ya hayo mawili.

Nilikwenda kwa Deqa jioni hiyo. Alinisikiliza amesimama. Nilitegemea atapiga kelele, akasema polepole, "Ningeambiwa tu hapana. Hapana nilikuwa nimeiandalia. King'ora chote kile kilikuwa cha hapana." Akaingia ndani. Tunasalimiana siku hizi, kwa heshima, kama watu wa ofisi.

Niliirudia amri. Niliibomoa ile ya kusubiri, nikaandika upya ya kutuma, ile kazi ya majuma niliyoikwepa, na ilipokwisha nilikuwa nimekonda kuliko Deqa. Mambo mengine ambayo bodi haikuyaweza kabisa niliyaandika hivyo hivyo, kwamba hapa haiwezekani, nikawatangazia watu wa lugha ile nilichokuwa nimefanya. Mmoja alinijibu kwamba naye aliwahi kufanya vivyo hivyo kwenye mashine nyingine. Sikufarijika. Yeye hakutaja ngamia.

Abti Keynan aliuza waliobaki, akahamia Rhamu kwa wakwe zake, kando ya mto Daua, analima vitunguu. Nilipanda gari nikamfuata, na kwa mtu kama mimi hiyo ni hija ndogo. Alinitembeza shambani akinionyesha matuta kama anayeonyesha watoto wa mtu mwingine. Nikamwomba msamaha. Akasema alishanisamehe, nami nikamwamini, si mtu wa kusema asichokuwa nacho. Lakini tulipokuwa tukizungumza alipita mtu na ngamia zake kwenda mtoni, na Abti akanikatiza katikati ya neno, akawafuata kwa macho mpaka wa mwisho akapita. Kisha akaniuliza nilikuwa nikisema nini.

Ninakwambia haya kwa sababu umekuja na kompyuta yako nzuri kuniuliza maktaba inahamishwaje kwenda kwenye saa za mkononi na vifaa nisivyovijua hata majina. Ya mikono utayajua kunishinda. Haya mengine yachukue kwangu. Usiipe mashine adabu zetu za wageni. Pale isipoweza, andika kwamba haiwezi, na uandike mahali mtu atakaposoma kabla hajaanza safari. Acha alama nyekundu ionekane, hata kama jina lako limeandikwa juu yake. Usiseme imekamilika kwa kuwa majaribio yamepita. Majaribio mangapi uliyapitisha wewe kwa mkono wako, hilo unalijua peke yako. Mwenye kuitumia kazi yako hutamwona, hamtakunywa chai pamoja, naye ataweka juu yake kitu anachokipenda. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Usimwache mwenzako atafute kosa lako ndani ya kazi yake.

Haya, nenda, mwanangu. Mola akupe kazi yenye manufaa na moyo usioogopa kuonekana mpungufu. Akukutanishe na watu wanaouliza mara ya pili, akupe na nguvu ya kuwajibu kweli. Wazazi wako wakuone ukirudi salama, na kila atakayetegemea neno lako alale usingizi. Amin.