Barua Yangu ya Kukaribisha Wateja na Mtamba wa Minza

Aibu hii nimekaa nayo kifuani mpaka imeanza kunikondesha, na afadhali niieleze mwenyewe kuliko kuendelea kuwasikia wauza chipsi wa hapa Segese wakiisimulia vibaya, maana wengine wameshaongeza kwamba siku ile nilikuwa nimelewa, na mimi pombe sinywi. Nilikuwa na akili zangu zote, na hilo ndilo baya zaidi.

Naitwa Masalu. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mimi na kompyuta tunaelewana, ndiyo maana Mama Kulwa alinichukua kwenye biashara yake ya maziwa mgando na samli. Ni mjane, ana ng'ombe wake wachache nyuma ya nyumba, anagandisha maziwa kwenye vibuyu kama alivyofundishwa na mama yake, na ukiyanywa unaweza kumsamehe mtu uliyemnunia tangu masika. Wateja wake wakubwa ni manesi, walimu na watu wa ofisi za mgodini. Hawa wa mgodini simu zao wanaziacha getini, ila barua pepe wanazisoma kwenye kompyuta za kazini, kwa hiyo nikamshauri Mama tuwe na orodha, mtu anajiandikisha jina na anwani yake, sisi tunamtumia habari maziwa yakiwa tayari. Akakubali. (Mimi kichwani nilishaiona samli yetu inapanda ndege. Ndivyo nilivyo, nionyeshe ndoo moja nitakuonyesha kiwanda.)

Nikapata mfumo wa bure mtandaoni ambao mtu mpya akiingia kwenye orodha unamtumia barua ya kumkaribisha, tena unaliweka jina lake mwanzoni kama vile umemwandikia yeye peke yake. Nikamuuliza Mama tuandike nini.

"Andika maziwa yapo, samli ipo, tupo nyuma ya soko," akasema huku anatikisa kibuyu.

"Hivyo tu, Mama?"

"Ulitaka niwaimbie?"

Ningeandika hivyo hivyo leo ningekuwa mtu wa furaha. Lakini niliisoma nikaiona kavu, nikamkumbuka babu yangu kule Kishapu, ambaye mgeni wa heshima akifika hamuulizi kilichomleta, anampeleka kwanza zizini, anamwonyesha mnyama wa kuchinjwa, anamwambia huyu ndiye wako, na mgeni anajua kwamba amefika kwa watu. Nikasema kwa nini wateja wetu nao wasiuonje utamu huo. Nikaanza na salamu yetu ya Kisukuma, nikaandika: "Mwangaluka. Karibu nyumbani kwa Mama Kulwa, wewe sasa ni mtu wetu. Jumamosi hii usiende mbali, ng'ombe wako yupo zizini, njoo na uwapendao tule pamoja." Niliposoma machozi yakanilengalenga, kweli kabisa. Kwangu yalikuwa maneno matamu tu ya biashara, kama duka linavyoandika mteja ni mfalme na hakuna mtu aliyewahi kwenda kudai taji.

Halafu, kwa huruma zangu, nikaona si vizuri wateja wa zamani wakose barua nzuri kama hiyo. Nikachukua anwani zote zilizokuwa kwenye simu ya Mama, nikaziingiza kwa mpigo kama watu wapya, nikabofya. Wakaanza kujibu. "Asante sana, tutafika." "Mungu awabariki, nakuja na mke wangu." Nikamwambia Mama kwamba Jumamosi tutauza sana, agandishe maziwa mengi. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabheja, mwanangu," akanipa bilauri ya kwanza.

Sasa niwaambie kuhusu mtamba. Kulwa, mwanae Mama, ni rafiki yangu, anafanya kazi ya kusaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, na alikuwa anamwoa Minza, binti wa Mwalimu Shija wa Kishapu. Ng'ombe wa mahari walishakwenda wote isipokuwa mmoja, mtamba mweupe ambaye Mwalimu Shija alikuja akamchagua kwa kidole chake, akamshika pembe, akasema huyu ndiye atakayefunga maneno yetu. Alikuwa bado kwetu anangoja kibali cha kusafirisha mifugo. Akishafika Kishapu, harusi inatangazwa. Kulwa alikuwa anamwogesha mtamba yule kila Jumapili kwa sabuni ya kufulia, na sisi tukimcheka kwamba anafanya mazoezi.

Jumamosi asubuhi nikiwa nafagia mbele ya duka, akatokea nesi mmoja wa zahanati amevaa gauni la kanisani, na mumewe, na watoto, na dada yake, wamebeba mfuko wa sukari. Nikawauliza wanataka lita ngapi. Nesi akacheka.

"Maziwa baadaye, Masalu. Tumekuja kwenye mwaliko."

Nyuma yake nikaona wengine wanakuja, karani wa mgodini na wenzake, walimu na wake zao, mzee mmoja kashika jogoo kwapani, na kila mmoja alipowaona wenzake alishangaa kidogo, kwa sababu kila mmoja alijua ameitwa yeye peke yake, kwa jina lake. Kabla jua halijapanda, ua wa Mama Kulwa ulijaa watu waliovaa vizuri, wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanatabasamu, wanatazama zizini.

Mama akanivuta nyuma ya nyumba. "Hawa watu wanataka nini?"

Nikamsomea barua. Nilipofika pale penye ng'ombe akanishika mkono nisiendelee.

"Mama, nitawaambia ni maneno tu. Nitasema mfumo umekosea."

"Mfumo ndio umeandika ng'ombe?"

"Ni mimi."

"Basi watakula ng'ombe." Hakupaza sauti. "Wamekuja na sukari zao, na watoto wao wamenawa nyuso. Mimi sijawahi kumtoa mtu uani kwangu na njaa, nitaanza leo kwa sababu yako?"

Nikataja mbuzi. Akasema nani aliyeandika mbuzi. Mnada wa ng'ombe siku ile haukuwepo, na zizini walikuwemo wawili wanaonyonyesha, ambao ndio biashara yenyewe, na yule mtamba. Kulwa alikuwa ameshafika kutoka karasha, vumbi jeupe usoni, ameyasikia yote. Alimtazama mama yake.

"Mweupe mwingine tutamtafuta kabla wakwe zako hawajajua," Mama akamwambia. "Nitakwenda mwenyewe kila mnada."

Kulwa akaenda akamfungua kamba. Alimpeleka yeye mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amshike. Mimi nilikaa jikoni namenya vitunguu ili mtu akiniona aseme ni vitunguu.

Nyama ikaiva, watu wakala, wakasifu, karani akasimama akasema tangu ahamie huku hajawahi kupokelewa hivi, wakapiga makofi, na mimi kidogo kidogo nikaanza kujidanganya kwamba huenda siku itaisha. Ndipo bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka mzee mwenye koti la suti, anapangusa vumbi kwenye viatu. Mwalimu Shija. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba anwani yake nayo ilikuwa kwenye simu ya Mama, ya kumtumia habari za kibali, na mimi nilikuwa nimechukua zote.

Alifurahi sana. Alisalimia watu wote, akapewa kiti chenye mgongo, akaletewa sahani iliyojaa, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Alikula taratibu, kama mwalimu. Akaongezewa, akala tena. Akanawa.

"Mama Kulwa, mmenipokea," akasema. "Kabla sijarudi, nionyesheni yule mweupe wetu nimsalimie."

Kulwa akainamisha kichwa. Mama alikuwa ameshika birika la kunawia, akaliweka chini, akapiga magoti mbele yake.

"Baba Minza, umemla."

Mwalimu aliitazama sahani, akatazama nyuma ya zizi ambako ngozi ilikuwa imewambwa chini kwa vijiti, nyeupe vilevile. Kisha akatoa simu yake, akavaa miwani, akaisoma barua kwa sauti, kuanzia jina lake. Mwalimu Shija, mwangaluka. Mwalimu Shija, wewe sasa ni mtu wetu. Sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa mbele za watu, na nilikuwa nimeota siku moja yatasomwa.

Nikajitokeza. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na salamu.

"Shikamoo, mwalimu. Barua ni yangu. Mama hakujua."

"Marahaba. Shule ulifika wapi?"

"Kidato cha pili."

Akakunja miwani. "Umeandika vizuri. Nimepanda basi alfajiri kwa sababu umeandika vizuri."

Angenizaba kofi ningeshukuru. Mama akamwomba muda, akamwahidi mwingine mweupe, akamwahidi wawili. Yule mzee wa jogoo naye akajaribu kuingilia, kwamba mzee mwenzangu, si chakula kimeliwa na watu, kosa la mtoto. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sikatai chakula," akasema. "Lakini mnyama niliyewaachia mnitunzie mmemgawa kwa watu, na mimi mkanipa sahani bila kuniambia. Binti yangu nikimwacha hapa, mtamtunzaje?"

Wageni wakaanza kuondoka mmojammoja bila kuaga kwa sauti, wakiacha sukari na khanga mlangoni kama watu wanaotoka msibani. Jogoo aliachwa pia.

Mazungumzo ya mahari yalivunjwa. Minza amepelekwa kwa shangazi yake Nkome, kando ya ziwa, anaanika dagaa, na nasikia kuna mtu mwenye mtumbwi ameanza kuuliza habari zake. Mama Kulwa hakunifukuza kazi. Anaendelea kuzunguka minadani, akiona mweupe anasimama, anamtazama, anasema siye. Na Kulwa hajanigombeza hata siku moja, tunakula sahani moja kama zamani, ila hanitanii tena, na mimi ningetoa chochote anitukane.

Barua niliibadilisha siku ileile. Sasa inasema maziwa yapo, samli ipo, tupo nyuma ya soko, na jina la mtu nimelitoa. Nimeapa sitamkaribisha tena mtu kwa kitu ambacho sijakishika mkononi mwangu, na hata nikikishika nitamuuliza kwanza mwenyewe.

Juzi yule nesi ameniandikia. Amesema dada yake mwingine amejiandikisha kwenye orodha yetu, amepata barua fupi isiyo na salamu, anauliza sherehe ya wageni wapya ni Jumamosi ipi. Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka maziwa yakafurika kwenye sufuria. Kisha nikamjibu mwenyewe, bila mfumo.

Hakuna Jumamosi.