Soma kwa Sauti Yake

Nilisikia kicheko kabla sijafika mlangoni. Kilitoka chumbani kwa rafiki yangu, karibu na Kibabii, na katikati yake nikasikia sauti ya mwanamke mzee niliyemfahamu, mwalimu mstaafu. "Vijana wangu," ilisema, "maneno ya mama yangu yamepotea." Nikakaza mwendo. Nilidhani mwalimu amesafiri kutoka Endebess bila kuniambia.

Hakuwa yeye. Alikuwa rafiki yangu, simu sikioni, akimwigiza mwalimu ili kumchekesha mtu wa upande wa pili. Hata kikohozi chake kidogo alikitoa.

Mimi na yeye tulikuwa tunatunza kamusi ya lugha yetu, Lubukusu, ya kwenye simu, mimi Kitale, yeye Bungoma. Ilikuwa programu huria: mtu yeyote angeweza kuichukua, kuifungua, kuirekebisha. Hatukulipwa. Tulitukanwa tu. "Takataka." "Nyinyi watoto mnatuharibia lugha." Yeye ndiye aliyenifundisha kujibu. Lisome lalamiko kwa sauti ya aliyeliandika, alisema, mpaka usikie panapomuuma. Ndipo umshukuru, ndipo uulize anatumia simu gani. Kila Jumamosi tulipigiana simu tukasomeana hivyo, na hasira yangu ililala.

Mwalimu huyo mstaafu alikuwa ametuletea maneno mengi kuliko sisi wawili, maneno ya marehemu mama yake, na kila moja alilitamka mwenyewe. Toleo jipya, kazi ya rafiki yangu, likazifuta sauti zake. Mwalimu akalalamika. "Usijali," rafiki yangu aliniambia, "nimemwomba radhi." Nakala za zamani zilikuwa kwangu, kwa hiyo siku ile nilikuja na kompyuta tuzirudishe.

"Ulimwomba radhi vipi?" nikamuuliza alipokata simu.

"Bana, si ni utani tu."

Nikafungua kompyuta, nikasoma jibu alilompa mwalimu. Lilikuwa chini ya jina letu la pamoja: "Mwalimu, tumechoka na malalamiko yako. Hii ni bure. Kama huipendi, tengeneza yako." Chini yake, mwalimu: "Nimewasikia, wanangu."

"Tumechoka, ni akina nani?"

"Si mimi na wewe? Ati wewe hujachoka? Jumamosi unaniambia nini?"

Kweli nilichoka, na nilimwambia yeye peke yake. Alikuwa amechukua uchovu wangu wa faragha akamrushia mama wa watu.

Nikaketi kitandani kwake, nikaandika barua chini ya jibu hilo, kwa jina langu mwenyewe. Niliomba radhi, nikasema sauti zake ninazo zote, nikauliza kama anataka zirudishwe au la. Kisha nikalisoma lalamiko lake kwa sauti yake, kama nilivyofundishwa, na nilipofika kwenye "mama yangu" nikarudi mwanzo nikalisoma tena.

"Ukituma barua hiyo, wote watajua ni mimi niliyeandika lile jibu. Utaniaibisha."

Nikatuma.

Jibu likaingia nikiwa nafunga begi. "Zifute, mwanangu; mama yangu hakai asipotakiwa. Asante kwa kuniuliza."

Nikaifungua tena kompyuta, nikazifuta pale pale, neno kwa neno, nikilisikiliza kila moja kwanza, huku rafiki yangu akitazama ukuta. Kwenye neno la mwisho nikasikia kile kikohozi kidogo, cha kweli, kabla halijatoweka.

"Jumamosi utanipigia, ama?" akauliza, kwa adabu ile ile aliyonifundisha.

Nikatoka. Alingoja kidogo, kisha akafunga mlango nyuma yangu.