Pumba Ndani ya Rejeta

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani gari ni kazi ya wanaume peke yao. Mimi nilikomea darasa la pili, na rejeta, ile inayopoza maji ya injini, nimeisafisha kwa mikono hii.

Miaka ile ya hamsini, hapa Ifakara, mume wangu na mdogo wake walikuwa na pikapu kuukuu. Mume wangu alikuwa kitandani, mguu umevunjika. Mpunga ulikuwa umejaa ndani, mawingu yameanza kukusanyika. Mvua ikishika, barabara ya Kiberege, tunakopeleka mpunga, ni tope tupu, na mpunga unaota ndani ya magunia.

Shemeji akapakia, akaondoka. Hakupita hata Katindiuka, hapa jirani tu. Gari lilichemka, likarudi linasukumwa.

Rejeta ilikuwa ikivuja, naye kabla ya kuondoka alifanya kama wengi wa bondeni kwetu: alitia pumba za mpunga. Kweli pumba huvimba, zikaziba tundu. Lakini haziulizi ni tundu lipi; zikaziba na njia za maji.

"Limekufa," akasema. "Tungoje fundi kutoka Kilosa."

"Fundi atafika pamoja na mvua," nikamwambia. "Fungua koki ya chini."

"Shemeji, hiki si chungu cha pombe!"

"Kimeziba, hakijaziba? Mimi nimechuja pombe wewe hujaota ndevu."

Majirani wakacheka. Nikawaacha wacheke. Kifuniko sikukigusa mpaka injini ilipopoa, maana mvuke ule humbabua mtu uso. Koki ilitoa matone tu. Nikaichokonoa kwa waya, ukashuka uji wa kahawia, unanuka. Nikamwamuru shemeji achomoe mpira wa maji wa chini upande wa injini na kuuinua, tukamimina maji humo yapande kutoka chini kwenda juu, debe baada ya debe, mpaka yakatoka meupe. Tundu lenyewe tukalibandika sabuni kwa nje.

Maji mapya niliyateka kisimani, si mtoni kwenye matope, nikayapitisha kwenye kitambaa changu cha kuchujia pombe. Shemeji akawasha injini, kifuniko kikiwa wazi, nami nikaongeza kidogo kidogo mpaka mapovu yakaisha. Hapo hakuna aliyecheka.

Alikwenda Kiberege akarudi, akaenda tena, debe la maji safi likiwa pembeni yake. Gunia la mwisho liliondoka kabla ya tone la kwanza.

Jioni ile, shemeji akiwa na sahani ya wali mbele yake, niliwaambia wote wa nyumba yangu: "Pumba ni za kuku. Nitakayemwona anazipeleka kwenye gari, atakula huko huko na kuku."