Kimea Kwenye Dawa ya Kikohozi

Klementina alikuwa mkali wa usafi mpaka watu wa Majengo wakamchoka. Miaka ile ya ujamaa, dawa za Dar es Salaam zikikwama njiani, zahanati moja ya Sumbawanga ilijipikia dawa yake ya kikohozi, na chumba cha kupikia kilikuwa mikononi mwake. Aliyeshika kimea, ule ulezi unaooteshwa kwa ajili ya pombe, hakukanyaga humo. Vumbi lake hubeba kuvu, na kuvu ikikutana na dawa yenye sukari, kwisha habari. Siku moja alimfukuza chumbani humo Bertilla, mjane aliyeosha chupa, wagonjwa wakisikia. "We Bertilla, unanuka kimea! Unataka kuwaua watoto wa watu?" Bertilla akaondoka ameinamisha kichwa.

Ee, nyani haoni kundule! Kaka yake Klementina akamwozesha mwanawe, na katika ukoo wao shangazi wa bwana harusi asipogeuza kimea kwa mkono wake atasemwa mpaka kaburini. Akageuza. Asubuhi akasugua mikono kwa sabuni mpaka viwiko, tena kwa majivuno. Kitambaa cha kichwa, kile kile alichojifutia jasho na vumbi, hakukikumbuka. Akaingia nacho kazini, akainamia sufuria ya dawa inayopoa.

Hazikupita siku nyingi, chupa zikaota nyuzi nyeupe shingoni.

Mkuu wa zahanati, Ndugu Mbonile, mtu wa Mbeya asiyepandisha sauti, akawaita wafanyakazi wote. "Nani ameingia na kimea?"

Macho yote kwa Bertilla. "Si mimi, Ndugu Mbonile. Haki ya Mungu, si mimi."

"Sasa nimshuku nani? Klementina?" Mbonile akauliza. Watu wakacheka, maana hilo nalo lilikuwa la kuchekesha.

Kicheko kile kilimchoma Klementina. Alikuwa amekwisha kukumbuka kitambaa, tangu alipoiona chupa ya kwanza, na alinyamaza. Jamani, alinyamaza! Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini kusema, hapana. Bertilla akaanza kufungua kamba za aproni yake, machozi yanamdondoka. Hapo Klementina akashindwa.

"Mwacheni. Ni mimi. Nilitoka kwenye kimea cha harusi, nikaingia na kitambaa kile kile."

Hakuna aliyemgombeza, na afadhali wangemgombeza. Mbonile alimwambia tu akamwage dawa yote, na kuanzia siku hiyo chumba atakishika Bertilla. Bertilla hakumtazama.

Klementina akazibeba chupa hadi kwenye shimo la taka, akapita mbele ya foleni ya wagonjwa, uso unamwaka. Binti mmoja aliyepanda mlima kutoka Muze, kule bondeni, mtoto mgongoni anakohoa mpaka anakosa pumzi, akamfuata.

"Shikamoo, mama. Mbona mnamwaga dawa?"

"Marahaba. Imeota kuvu. Mimi ndiye niliyeiharibu."

Klementina akangoja matusi. Yangemfaa. Lakini binti alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akaketi chini, akaegemea ukuta.

"Basi si kitu, mama, nitasubiri. Utapika nyingine lini?"

 Chupa ilikuwa bado inamwagika mkononi mwa Klementina.

"Mimi sipiki tena, mwanangu," akasema. "Kamuulize Bertilla."