Siku Niliyofuta Kozi za Atieno

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa alasiri ya siku ya mwisho ya kuchagua kozi za chuo kikuu, hapa hapa Sori, nami nilikuwa nimemshika mkono binti yangu Atieno, namvuta kwenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kana kwamba nampeleka kituo cha polisi.

Nakueleza haya kwa sababu nasikia matokeo ya mwanao yametoka, na nyumbani kwenu hamsemezani. Kaa kidogo. Wakati huo nilikuwa bado na nguvu zangu, nashona sare za shule, na Atieno ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la saba. Nilitamani sana uuguzi, lakini niliolewa kabla sijajua hata muuguzi anasomea wapi. Basi nilipomzaa Atieno nikaanza kumwita daktari angali ananyonya. Kanisani kila Sabato waliniita Mama Daktari, nami niliitika.

Matokeo yakaja. Alipata C+. Leo najua alama hiyo ilimfungulia mlango wa chuo kikuu. Lakini siku ile niliitazama simu, nikaiweka mezani, nikaendelea kupinda sketi ya mtu. Sikumwambia hongera. Hata pole sikumwambia. Wiki nzima nilimpakulia chakula bila kumsemesha, na kanisani sikwenda kwa aibu.

Atieno alijitafutia njia. Alimwendea mwalimu wake wa Kiswahili, wakakaa wakapiga hesabu ya pointi za alama zake, akaomba ualimu. Mimi nilikuja kujua siku ya mwisho, aliponiambia kwa sauti ya woga, "Mama, nimejaza ualimu. Mwalimu anasema naweza kupata."

Niliona kama amenivua nguo sokoni. Nikamwambia avae viatu twende.

Saiba ilikuwa imejaa watoto na wazazi wao, mtandao unakatika na kurudi. Zamu yetu ilipofika nikamwambia dada mwenye saiba, "Futa hizo zote. Weka udaktari, uuguzi na famasia."

"Mama, hizo sizifikii," Atieno akasema. "Mwaka jana wenye pointi kama zangu hawakuitwa."

"Mungu hashindwi na pointi."

Yule dada akanigeukia kwa adabu. "Mama, kompyuta itapokea maombi, lakini kupokelewa si kupewa nafasi. Mwache abaki na yake."

"Wewe ndiye uliyemzaa?"

Akamsogezea Atieno kibodi. Nenosiri la kufungulia maombi yake mimi sikulijua, mwanangu. Atieno ndiye aliyeliandika kwa vidole vyake, akafuta kozi zake moja moja, akajaza zangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinitii.

Majibu yalipotoka hakuitwa popote. Wenzake wawili waliolingana naye pointi wakaitwa ualimu. Atieno hakulia mbele yangu. Alikunja nguo chache akaenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, akawa anaosha mawe yaliyosagwa pamoja na wanawake wa huko.

Nafasi zikafunguliwa tena kwa walioachwa. Zilipobaki siku mbili zifungwe, nikamfuata. Nilimkuta ameinamia beseni, matope yamemfika viwikoni.

"Twende, binti yangu. Safari hii jaza unachotaka wewe."

Hakuinua kichwa. "Jaza wewe, Mama. Hata zile zilikuwa zako."

Nilisimama pale mpaka wenzake wakaanza kunionea huruma. Nikarudi peke yangu.

Kesho yake nikaenda Magunga kwa mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Dani, yaani nyanya. Ukweli ni kwamba nilitaka aniambie mtoto ni mkaidi. Alikuwa anapukuchua mahindi, na hakuacha.

"Siku ya matokeo ulimwambia nini?" akauliza.

"Sikumwambia kitu, Dani."

"Basi aliyefeli nyumbani kwako si Atieno." Akapukuchua gunzi zima kabla ya kuendelea. "Mtoto alikuletea mtihani aliofaulu, ukamwonyesha uso wa matanga. Kisha ukamtuma akakuombee kile ulichokikosa wewe. Nenda umwombe msamaha, na usimdai jibu."

Nafasi zile zilifungwa bila yeye kujaza. Msamaha nimemwomba, mwanangu, mara nyingi. Miaka imepita. Tulipomzika Dani, Atieno alikuja, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni, akaosha vyombo na akina mama, akaondoka bila kuaga. Mmoja wa wale wenzake walioitwa ualimu sasa anafundisha hapa Sori. Nikimwona na vitabu kwapani huwa nashika njia nyingine.

Kwa hiyo usikae hapa kwangu mpaka jua lizame. Nenda nyumbani. Mwambie hongera kwanza, hata kama moyo wako bado unagoma. Muulize anataka kusomea nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Mtafuteni mwalimu anayezielewa hizo pointi, awaambie ukweli, nanyi mkubali kuusikia. Na hata kama imebaki saa moja mtandao ufungwe, msiitumie kugombana. Nenda naye saiba, lakini kiti cha mbele ya kompyuta ni chake. Wewe simama nyuma yake.

Siwezi kukuahidi kwamba ataitwa. Pengine hata Atieno asingeupata huo ualimu. Lakini angeukosa akiwa na mama.

Mungu aulainishe ulimi wako kabla hujafika mlangoni. Amwonyeshe mwanao mahali pake, na wewe akupe siku ya kumsindikiza. Na mkipiga magoti nyumbani kwenu, mtajeni na Atieno.