Chumba cha Vioo Kinachotazama Njia

Mama alihamia kwetu Hail, pembezoni mwa Maskati, baada ya kupasuliwa goti. Kabla ya hapo alikuwa akiishi Matrah, ghorofa ya kwanza, juu ya kichochoro chembamba ambacho mtu akikohoa chini, juu unamsikia. Ngazi ndizo zilizomhamisha. Hakulalamika. Alikunja nguo zake, akachukua msala wake na dele la kahawa, akaingia garini.

Nyumba yetu ni kama nyumba nyingi za Hail: nyeupe, madirisha madogo, na ukuta mrefu umeizunguka pande zote. Ukuta ule aliusimamia mume wangu mwenyewe tulipojenga, na mpaka leo akipita karibu yake huupapasa kwa kiganja. Mama tulimpa chumba kikubwa chenye televisheni na bafu lake, lakini kila nilipotoka kazini nilimkuta jikoni. Kiti alikiweka kwenye mlango wa nyuma, mlango wazi, ubaridi wote wa kiyoyozi unakwenda nje. Mbele yake palikuwa na mtungi wa gesi na kamba ya nguo.

"Mama, joto hilo."

"Nnapata hewa," akajibu.

Wazo la chumba cha vioo lilinijia wakati huo. Nilikuwa nimeona picha za vyumba hivyo kwenye simu, vimeshikizwa ubavuni mwa nyumba, vina viti vya ukindu na mimea inayoning'inia. Nilichagua mahali siku hiyohiyo: nyuma ya nyumba, kwenye kibustani changu, mama akae akitazama majani. Mume wangu nilipomwambia alicheka.

"Nyumba ya vioo, Maskati? Si tutaoka mikate humo?"

Hakuwa amekosea. Tukakubaliana tukaulize kwanza. Ijumaa haikufaa, kwa hivyo tulikwenda Rusayl Jumamosi asubuhi, kwenye karakana moja ya alumini yenye chumba cha maonyesho mbele. Tulisimama kati ya milango na madirisha yasiyo na nyumba, tukibishana kwa sauti ya chini, na mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza akainua kichwa.

"Kumbe mnaongea Kiswahili!" akasema. "Karibuni. Mimi ni wa Kenya."

Ndiye aliyekuwa akichora ramani za kazi zao. Alitutolea vipande viwili vya kioo, akaviweka chini ya taa kali, kisha akatwambia tushike upande wa pili. Kioo cha kwanza, cha kawaida, kilikuwa cha moto. Cha pili kilikuwa vioo viwili vyenye nafasi katikati, na hicho kilikuwa vuguvugu tu. Mume wangu alikishika mara mbili.

"Na paa lisiwe kioo," yule dada akasema. "Hapa si Ulaya. Paa tunaweka la kawaida, lenye kinga ya joto. Vioo viwe kuta peke yake."

Nikakubali, ijapokuwa picha zote nilizozipenda zilikuwa na paa la vioo. Wiki iliyofuata akaja nyumbani kupima.

Mimi na mume wangu tulimpeleka nyuma, nikamwonyesha kibustani. Alitazama jua linakotua, akaandika kidogo. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, anatusikiliza.

"Na stima itapitia upande gani?" yule dada akaniuliza.

"Stima?" Mama akashtuka. "Meli iingie bustanini?"

Nikamweleza kwamba kwao stima ni umeme. Mama alicheka mpaka akashika goti. Yule dada naye akacheka, akachuchumaa karibu ya kiti.

"Mama, hiki chumba ni chako, si ndiyo? Sasa ukiketi ndani, ungependa uwe unaona nini?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kujibu mimi. Mama akanitangulia.

"Njia."

"Njia gani, mama?"

"Hiyo ya mbele. Nnataka kuona watu wanapita. Majani n'tayatazama mpaka lini? Majani hayasalimu."

Tulikwenda mbele, sote wanne, mama akiegemea mkongojo. Upande wa mbele unatazama mashariki, kwa hivyo jua kali la alasiri haliufikii sana. Yule dada alisema waziwazi kwamba kule nyuma, upande wa magharibi, chumba kingekuwa taabu miezi mingi ya mwaka. Hapa pangefaa. Kilichobaki kilikuwa ukuta. Mtu akikaa, haoni chochote ila ukuta.

"Tutaushusha ukuta kipande kimoja," yule dada akasema, "hapo juu tuweke vyuma."

"Watu wapite wanatazama ndani ya nyumba yangu?" mume wangu akauliza.

Akaelezwa kuhusu kioo cha kuakisi. Mchana aliye ndani anaona nje, wa nje anajiona mwenyewe. Usiku taa zikiwashwa mambo hugeuka, basi huvutwa mapazia. Alisikiliza, lakini uso haukulegea. Mama ndiye aliyesema naye.

"Baba, ukuta wako mzuri, hapana aliyesema mbaya. Lakini mie toka nimekuja hapa sijamjua hata jirani mmoja."

Mume wangu alitoka nje ya geti, akautazama ukuta wake kutoka njiani. Aliporudi alimuuliza yule dada kipande chenyewe kiwe kirefu kiasi gani.

Kibali cha baladiya, yaani manispaa, kilitaka chumba kipunguzwe upana ili kisikaribie mno mpaka wa kiwanja, kikapunguzwa. Mimea niliyokuwa nimeichagua haikuwa na nafasi tena. Tuliweka viti vitatu, meza ndogo, na mapazia mazito.

Mama alianza kukaa humo siku za baridi, tangu baada ya chai mpaka adhuhuri. Wakati wa joto huingia mapema, jua likipanda anatoka, halafu anarudi baada ya alasiri. Kitu ambacho hapana aliyekifikiria ni kwamba wapita njia wangekigeuza kile kioo kuwa chao. Wanasimama kwenye vyuma, wanajitazama. Mzee mmoja hunyoosha kilemba chake hapo kila Ijumaa akienda msikitini. Watoto wa shule hutoa ndimi. Kuna bibi anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye alisimama siku moja akafunga upya mtandio wake, taratibu, akajigeuza kulia na kushoto. Mama akashindwa kujizuia kucheka, akagonga kioo kwa ndani.

Yule bibi aliruka. Kisha akabisha hodi getini, kuja kutazama nani aliyekuwa akimcheka. Walinywa kahawa mpaka magharibi. Alipokwenda zake, mama aliniambia kwamba kwao yule bibi ni Nizwa, mwanawe mkubwa ameoa juzi, na kwamba kiti cha nne kinahitajika.